Wa kuzika wengi, wa kuuguza wachache

SWALI

Shikamoo mama. Mimi nauza vitenge sokoni hapa Morogoro, nina watoto watatu. Kaka yangu anaishi Espoo, Finland, anafanya kazi ya usafi. Juzi kwenye simu alinitania kwamba yeye yuko nchi yenye furaha kuliko zote duniani, na sisi tuko mkiani. Nikamwuliza kama majirani zake wanamsalimia. Akacheka, akasema wa mlango wa pili hata jina halijui. Sasa mama, watu wasiosalimiana wanakuwaje wa kwanza kwa furaha, na sisi tunaocheza harusi mpaka alfajiri tunaburura mkia? La pili naona haya kulisema. Jirani yangu kapandisha ghorofa, na tangu hapo nyumba yangu siipendi tena, wakati haijaharibika kitu. Huu ni wivu tu?

Mama wa vitenge, Morogoro

JIBU

Marahaba mwanangu. Kaka yako hakudanganya, ila kakusomea matokeo bila kukuonyesha mtihani wenyewe.

Orodha hiyo ya nchi zenye furaha hutoka kila mwaka karibu na Machi 20, Siku ya Furaha Duniani. Finland imekaa juu tangu 2018. Sisi mwaka 2017 tulikuwa wa 153 katika nchi 155. Nyuma yetu walibaki Burundi na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Lakini sikiliza wanachouliza. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa ni maisha bora anayoweza kuyapata, chini kabisa ni mabaya kuliko yote, kisha aseme leo amesimama kidato cha ngapi. Wastani wa majibu hayo ndio unaopanga nchi. Vicheko navyo huulizwa, kama jana ulicheka au ulikuwa na wasiwasi, ila havihesabiwi katika kupanga nani wa kwanza.

Kwa hiyo harusi yako haikupimwa. Kilichopimwa ni jibu la mtu aliyetulia akayatazama maisha yake yote, na ada ya shule ikiwemo, na kodi ya pango, na mgonjwa aliye ndani. (Harusi zenyewe, tuseme kweli, nyingine tunazicheza kwa mkopo.)

Hao Wafini wasiosalimiana, mtoto wao anasoma bure na chakula cha mchana shuleni anapewa. Sheria ya chakula hicho ilipitishwa 1943, ikaanza kutumika kikamilifu 1948. Mjamzito ana kliniki yake, asiye na kazi ana posho. Wala usidhani walizaliwa hivyo. Mnamo 1990 Finland ilikuwa na watu wengi mno waliokuwa wakijiua. Serikali yao ililivalia njuga jambo hilo kama wanavyopambana na ugonjwa, na tangu hapo vifo hivyo vimepungua kwa zaidi ya nusu. Baridi na giza la Desemba havijawaacha. Wamepunguziana hofu.

Sasa nifike panaponiuma mimi. Katika uchunguzi huohuo watu huulizwa: ukipata shida, una ndugu au rafiki wa kumtegemea? Ungedhani hapo tutawashinda. Wafini karibu wote hujibu ndiyo. Kwetu, na undugu wetu wote huu, wanaojibu ndiyo ni wachache kuliko kwao.

Mimi halikunishangaza. Nimekuwa afisa ustawi wa jamii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Namkumbuka mama mmoja aliyelazwa na mwanawe, mtoto kavunjika paja. Ndugu walikuja kumwona, wakaacha machungwa na pole. Hela za matibabu alizitafuta peke yake, mwisho akaingia kwenye kausha damu, ile mikopo ya riba kali, na deni lile lilimla mpaka cherehani. Mtoto yule angekufa, turubai lingefungwa jioni ileile, daftari la rambirambi lingezunguka, sufuria zingetoka nyumba kumi. Hatukosi huruma. Huruma yetu imepangiwa msiba na harusi, kwa sababu hapo kila mtu anajua kiwango chake na jina lake linasomwa. Ugonjwa wa miezi mitatu hauna kamati. Tena ndugu wa maskini naye mara nyingi ni maskini. Mkisombwa, mnasombwa pamoja.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Bunge lilishaipitisha mwaka 2023, na nadhani ikishika sawasawa itatupandisha kidato kuliko hotuba yoyote ya kutuhimiza tupendane.

Kuhusu ghorofa, wivu upo, lakini si wako peke yako. Kule Rarieda, Siaya, nchini Kenya, shirika moja liligawa fedha kwa baadhi ya kaya, waliopata na waliokosa wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Waliopata waliridhika zaidi na maisha. Majirani waliokosa waliridhika kidogo kuliko zamani, na hakuna aliyewapunguzia hata shilingi. Baada ya muda hali hiyo ilififia. Nawe itakufifia, hasa ukiacha kunywa chai ukiwa umeelekeza kiti upande wa ghorofa. Pia sijui kama umewahi kumwuliza huyo jirani anadaiwa kiasi gani.

Ombi langu ni moja. Bila shaka una kikoba, kikundi chenu cha kuweka na kukopeshana. Fungua katiba yenu usome mfuko wa jamii unatoa lini. Nyingi nilizoziona zinatoa mwanachama akifiwa, basi. Pelekeni hoja ya kuongeza kulazwa hospitali: mwanachama, mwenza wake na watoto, kiasi kijulikane mapema, kitoke ndani ya siku mbili bila kikao. Kaka yako naye kila harusi ya ukoo anatuma mchango. Mwombe sehemu yake iingie humo. Na mweka hazina msimchague yule anayekopesha kausha damu.