Waandishi wa Fantasia Ninaowapenda, na Sharti Ninalolitafuta Kwao

Juma lililopita, baada ya kutangaza kwamba hadithi yangu kuhusu kilima cha Tendaguru imekubaliwa na mchapishaji, nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Nachingwea: “Kaka, hongera sana. Naomba unitajie waandishi wako watano wa fantasia, maana na mimi nataka kuandika kama wewe.” Pongezi zake nimezipokea kwa mikono miwili, na sioni sababu ya kujifanya sikufurahi. Kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mna daftari lenye hadithi iliyokwama katikati, namjibu yeye mbele yenu nyote, ingawa sitawapanga waandishi hao kwa namba kama wachezaji wa ligi.

Fantasia, yaani hadithi za uchawi na maajabu, niliijia kupitia Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952, nilichokiazima katika maktaba ya mkoa pale Mtwara nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Wengi waliokisoma hukumbuka majini na mji ambao watu wake waligeuka mawe. Mimi lililonishika ni lile linalotendeka usiku. Adili, liwali wa Janibu, mtu mpole anayependwa na raia wake, kila usiku huchukua mjeledi na kuwachapa manyani wawili, kisha huwabembeleza na kuwalisha huku akilia. Manyani hao ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini Huria kwa sababu walimtosa Adili baharini. Mwandishi mvivu angewageuza wabaya kuwa nyani, akamwacha mwema astarehe, na hadithi ikaisha. Shaaban Robert hakumwacha Adili astarehe. Huria alimpa sharti kwamba awachape kila usiku, na usiku atakaokosa kufanya hivyo atachapwa yeye, hata adhabu ya wakosaji ikawa mzigo wa yule aliyekosewa.

Tangu hapo, nikifungua kitabu chochote cha fantasia, siyahesabu maajabu yake. Natafuta sharti la ajabu lenyewe, kisha natazama ni nani anayelilipia.

Kwa kipimo hicho, mwandishi wangu wa pili ni Amos Tutuola wa Nigeria, ambaye kitabu chake cha The Palm-Wine Drinkard kilichapishwa mwaka huohuo wa 1952. Humo yumo bwana mmoja mtanashati aliyetokea sokoni, akapendwa na binti aliyekuwa amewakataa wanaume wote, na binti akamfuata asijue anakoelekea. Walipoingia msituni, bwana yule akaanza kurudisha viungo alivyovikodi: mguu huu kwa mwenyewe na malipo yake, mguu ule kwa mwenyewe na malipo yake, kisha tumbo, mbavu, mikono na shingo, mpaka likabaki fuvu tupu. Yeyote aliyewahi kuvaa suti ya kukodi kwenye harusi ataielewa safari ile. Ninachowaomba mkitazame ni malipo, kwamba hakuna kiungo kinachorudi bure, na kwamba kila mwenye kiungo anangoja njiani kupokea chake. Tutuola aliyaandika hayo akiwa tarishi katika ofisi ya serikali mjini Lagos, jambo ninalolisema makusudi kwa sababu wapo wanaoniambia kwamba wanangoja kwanza wamalize shahada ndipo waanze kuandika.

Wa tatu ni Ursula K. Le Guin wa Marekani. Katika A Wizard of Earthsea, kitabu cha mwaka 1968, kila kitu kina jina lake la kweli na anayelijua jina hilo ana mamlaka juu ya kitu hicho. Lakini mwanafunzi wa uchawi hufundishwa mapema kwamba mvua aliyoiita kisiwa hiki inaweza kuwa ukame wa kisiwa kingine. Mkulima wa Newala hahitaji kuelezwa jambo hilo mara mbili, kwa kuwa mvua ileile inayoombewa dua na mwenye mahindi inaweza kumharibia mwenye korosho alizozianika. Kijana Ged, mwanafunzi ambaye kitabu kinamhusu, kwa majivuno yake, anafungulia kivuli kinachomwandama kutoka bahari hadi bahari, na kitabu kizima ni hesabu ya deni hilo.

Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, simpingi, kwa kuwa pete yake humficha anayeivaa na wakati huohuo humla, na sharti hilo ndilo linalobeba kurasa nyingi alizozichapisha kati ya mwaka 1954 na 1955. Rowling nimevisoma vitabu vyake vyote saba vya Harry Potter, vilivyotoka kuanzia mwaka 1997 hadi 2007, na nimevifurahia, ila kwangu uchawi wake mwingi ni wa bei rahisi mno: fimbo inapungwa, neno linatamkwa, taa inawaka. Najua nitalaumiwa kwa kauli hii. Riwaya ya Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, zote za Euphrase Kezilahabi, ni vitabu vikubwa, lakini asiyezoea asianzie hapo, maana atavifunga mapema na kudhani kwamba tatizo ni Kiswahili chake.

Sasa nieleze yaliyonipata mimi, kwa kuwa kipimo hiki sikukipata kwa kusoma peke yake. Hadithi yangu inahusu Tendaguru, kilima cha hapa kwetu Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913. Mifupa ile ilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini, na mnyama mmoja akasimamishwa katika jumba la makumbusho mjini Berlin mwaka 1937; leo kimo chake ni zaidi ya mita 13. Mwaka huohuo wa 1937 Tolkien alitoa The Hobbit, na dunia nzima ikajifunza kuliogopa joka lililolala juu ya dhahabu, wakati la kwetu lilikuwa limeshasafirishwa. Mimi niliandika kwamba mnyama yule anaiita mifupa yake irudi.

Muswada wa kwanza niliupeleka kwa mchapishaji mmoja ambaye sitamtaja. Ulirudi kwa basi, na juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na maandishi ya kalamu nyekundu: “Haya hayapo. Jamii inataka maisha halisi.” Karatasi za sura ya pili nilikuwa nimezibana kwa pini, na pini ile ilikuwa palepale nilipoichomeka, bila alama ya pili ya kuonyesha kwamba iliwahi kuchomolewa. Kukataliwa ni haki ya mhariri na sina ugomvi nako. Kuhukumiwa na mtu ambaye hakufungua pini ni jambo jingine, na sitadanganya kwamba nimelisahau, kwa maana hata siku barua ya kukubaliwa ilipofika, wa kwanza niliyemfikiria alikuwa yeye.

Nilichukua muswada huo nikaenda kumsomea mjomba wangu wa Mingoyo. Nilimkuta uani akibangua korosho, vidole vyake vimepakwa majivu ili mafuta ya ganda yasimchome, akigonga moja baada ya nyingine bila kuinua macho. Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye hakuniambia kwamba haya hayapo. Tatizo lake lilikuwa kinyume, kwamba yapo na kwamba si ya kuchezea. Kisha akaniuliza, “Mjomba, huyo mnyama wako anawaita watu, wanamletea mifupa, basi. Yeye anachukua nini kwao? Viumbe wa namna hiyo hawafanyi kazi ya bure.”

Swali hilo lilinilaza macho. Nilipoandika upya, mifupa ilipata njia moja tu ya kurudi, nayo ni ileile iliyopita, mabegani mwa watu kutoka Lindi hadi Tendaguru, na kila mpagazi anayeshika mfupa anasahau njia ya kurudi kwao. Sikuongeza ajabu hata moja. Niliongeza deni, na ghafla kila mtu katika hadithi akawa na sababu ya kusita, kudanganya, kumsukuma mwenzake mbele au kujitolea badala ya mwanawe. Muswada huo ndio uliokubaliwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, acheni kunitumia miswada ambamo joka linatema moto, upanga unang’aa, binti anapaa juu ya bahari ya Mikindani, na mwishowe hakuna aliyepungukiwa na kitu. Nimechoka kuisoma, na nasema hivyo kwa upendo. Kila ajabu mnayoiweka iwe na sharti lake, na kila sharti liwe na mtu wa kulilipia, tena mtu huyo awe yule ambaye msomaji ameshampenda. Msiniambie kwamba mmekosa vitabu. Adili na Nduguze ni kitabu chembamba, kinamalizika kwa siku mbili, na nakala yake iliyotumika inaweza kununuliwa Dar es Salaam na kutumwa kwa basi. Kisomeni mara ya kwanza kwa raha. Mara ya pili kisomeni na kalamu mkononi, mkiweka alama kila mahali ambapo mtu analipa, kisha fanyeni vivyo hivyo katika kurasa za hadithi zenu wenyewe. Anayetaka nimsomee muswada wake aniandikie kwanza sentensi moja tu: ajabu lako ni lipi, na ni nani anayelilipia? Sentensi hiyo nikiielewa, nitaomba kurasa zilizobaki.