Maswali ya Wasomaji: Mkutano wa Kwanza wa Wanaoacha Pombe

SWALI: Mshauri, asalaam aleikum. Mimi ni seremala, nina mke na watoto, na kwa miaka mingi nimekuwa nikinywa mnazi kwenye mangwe za Kisauni. Siku hizi nimeingia katika pombe kali, na kila asubuhi mikono hunitetemeka mpaka nizimue ndipo niweze kushika msumeno. Nasikia kuna mikutano ya watu wanaosaidiana kuacha, lakini nimeambiwa hufanyika makanisani, nami ni Mwislamu. Isitoshe, naogopa kuonekana na wateja wangu. Nitaipataje, na nikifika nitatakiwa kufanya nini?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Naomba tuanze na mikono hiyo inayotetemeka, kwa sababu ni jambo la haraka kuliko mikutano yenyewe. Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyimwa ghafla, unaweza kupatwa na kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha baadhi ya watu huchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwapo, na hali hiyo isipotibiwa huweza kuua. Kwa hiyo usijifungie nyumbani ukaacha kwa ushujaa. Nenda hospitali, umweleze daktari kiasi unachokunywa bila kupunguza hata tone, naye ataamua kama utapewa dawa ukiwa kwako au utalazwa kwa siku chache.

Ukiwa huko huko, uliza kuhusu mikutano, maana wahudumu wa kitengo cha afya ya akili mara nyingi huvijua vikundi vya karibu. Unaweza pia kupiga simu bila malipo kwa nambari 1192, ambayo ni ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, au ufike kwenye kituo chao cha matibabu na urekebishaji kilichopo Miritini. Vikundi vinavyojulikana zaidi ni vya Alcoholics Anonymous, yaani AA, vilivyoanza mwaka 1935 huko Akron, Marekani, na ambavyo ratiba zake za Kenya hupatikana kwenye intaneti. Thibitisha kwa simu kabla ya kupanda matatu, kwa kuwa saa na ukumbi hubadilika.

Kuhusu kanisa, ni kweli kwamba vikundi vingi hukutana katika kumbi za makanisa, kwani ndizo zinazopatikana kwa bei nafuu, lakini AA haifungamani na dini wala dhehebu lolote. Hatua zake 12, yaani mwongozo ambao wanachama huufuata ili kuacha pombe, humtaja Mungu “kadiri tulivyomwelewa”, nami naona maneno hayo yana nafasi ya kutosha kwa Mwislamu. Ikiwa kikundi kitafunga kwa sala isiyo yako, nyamaza kwa heshima, hakuna atakayekushurutisha. Ukiona bado moyo unakataa, tafuta kikundi kingine kabla hujakata tamaa na mikutano yote. Wapo pia SMART Recovery, walioanza mwaka 1994, ambao hawatumii msingi wa kidini na hukutana hata kwa njia ya intaneti.

Siku ya kwanza fika mapema kidogo, umwambie anayepokea watu kwamba wewe ni mgeni. Hutatozwa kiingilio. Kapu la mchango likipita, unaweza kulipitisha bila kutia kitu. Sharti pekee la uanachama ni nia ya kuacha kunywa. Utajitambulisha kwa jina moja, na zamu ya kuzungumza ikikufikia, inatosha kusema kwamba leo umekuja kusikiliza. Kikao huchukua takriban saa moja. Wanachama hukubaliana kutotoa nje yaliyosemwa ndani, lakini hayo ni maagano ya watu, si sheria ya nchi, kwa hiyo mambo ya kazi yako na ya wateja yaweke akiba mpaka uwafahamu wenzako. Na kama hofu ya kuonekana ni kubwa, hakuna ubaya kuvuka kivuko ukahudhuria upande usiofahamika.

Nakusihi usihukumu kwa mkutano mmoja. Hudhuria kadhaa, kisha umtafute mtu aliyekaa muda mrefu bila pombe, umwombe nambari yake ya simu, na umpigie pale hamu inapokujia, kabla hujafika mangwe.

SWALI: Mume wangu anakataa kabisa kwenda. Je, naweza kuhudhuria kwa niaba yake?
Msomaji, Malindi

JIBU: Kwa niaba yake haiwezekani, dada, ila kwa ajili yako unaweza. AA ina mikutano ya wazi inayopokea hata wasio walevi, nayo Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya jamaa za wanaokunywa. Uliza kwa nambari ile ile ya 1192. Akikupiga au akiwatisha watoto, usisubiri mkutano wowote: ondokeni kwanza mwende mahali salama.