Damu Imekwama Wapi? Kwa Wanaoanza Kazi Katika Wodi ya Magonjwa ya Moyo

Mnaoanza kazi katika wodi hii huja na madaftari yaliyojaa majina ya atiria (vyumba vya juu vya moyo), ventrikali (vyumba vya chini), aota (mshipa mkuu utokao moyoni) na vali (milango ya damu) za kila aina, na majina hayo mtayahitaji. Hata hivyo, katika miaka 14 ya kazi ya uafisa tabibu, swali ambalo limenisaidia kuliko mengine yote kando ya kitanda cha mgonjwa ni fupi mno: damu imekwama wapi? Ili uweze kulijibu, sharti uijue njia ya damu kama unavyoijua njia ya kwenda nyumbani kwenu.

Damu iliyokwisha kutoa oksijeni yake mwilini hurudi kwa vena kuu mbili, yaani mishipa irudishayo damu moyoni, na kuingia atiria ya kulia, hushuka ventrikali ya kulia, kisha husukumwa hadi kwenye mapafu. Ikishapata oksijeni huko, huingia atiria ya kushoto, hupita vali ya mitrali, hushuka ventrikali ya kushoto, na kutoka hapo husukumwa kwenye aota ili isambae mwili mzima. Msione haya ikiwachukua muda kuielewa safari hii, kwani kwa karne nyingi matabibu waliamini kwamba damu hupenya ukuta wa katikati ya moyo kutoka kulia kwenda kushoto, hadi Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Dameski aliyefanya kazi Kairo katika karne ya 13, alipoeleza kwamba ukuta huo hauna matundu na kwamba damu haina budi kuzunguka kupitia mapafuni.

Kila pigo la moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa takriban mililita 70 za damu. Kwa mapigo 70 kwa dakika, hizo ni karibu lita 5, yaani karibu damu yote aliyo nayo mwilini. Ventrikali ya kushoto ina ukuta mnene kuliko ya kulia, kwa sababu ya kulia husukuma damu hadi mapafuni tu, ambako shinikizo ni dogo, ilhali ya kushoto hulazimika kuifikisha kichwani na hata kwenye vidole vya miguu.

Mimi nimekulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ambako migomba hunyweshwa kwa mifereji tunayoiita mifongo. Mfongo ukizibwa na udongo, shamba la juu hufurika na shamba la chini hukauka, na mtu mwenye akili haendi kuchimba palipofurika, bali hufuata maji hadi penye kizuizi. Moyo nao ndivyo ulivyo. Upande wa kushoto ukishindwa kusukuma, damu hujaa nyuma yake, yaani mapafuni, na mgonjwa hukohoa na kuhema. Upande wa kulia ukishindwa, damu hujaa mwilini, vena za shingo hututumka, ini huvimba, miguu hujaa maji. Wakati huohuo figo, ambazo ndizo shamba la chini, hupata damu kidogo na kudhani kwamba mwili umepungukiwa maji, basi huzuia chumvi na maji visitoke, na mafuriko yanazidi. Ndiyo maana tunampa mgonjwa dawa ya kukojoa hali moyo ndio unaougua, jambo ambalo ndugu wa wagonjwa hutuuliza kila siku na linastahili kujibiwa kwa upole.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika kituo nisichokitaja, nilimpokea mama aliyekuwa amejifungua wiki sita kabla. Alikohoa usiku, alichoka akipanda ngazi mbili tu, na mama mkwe wake alisisitiza kwamba huo ni uchovu wa uzazi. Nilisikiliza mapafu, nikasikia sauti za kuchemkachemka, nikamwandikia dawa za nimonia na kumruhusu arudi nyumbani. Alirudi baada ya siku nne akiwa na hali mbaya zaidi. Muuguzi mkuu wa zamu hakunikemea, alimuuliza mgonjwa, "Mwanangu, unalalia mito mingapi?" Yule mama akajibu kwamba mito haimsaidii tena, siku hizi analala ameketi kwenye kiti, kwani damu ikijaa mapafuni mtu hukosa pumzi akilala chali. Kisha muuguzi akabonyeza kidole gumba juu ya mfupa wa muundi kwa muda kama wa kuhesabu hadi kumi, akakiondoa, na shimo likabaki pale tukilitazama. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kilionesha moyo uliotanuka na kudhoofika, ugonjwa unaojitokeza kati ya mwezi wa mwisho wa ujauzito na miezi mitano baada ya kujifungua. Tangu siku hiyo sijamwandikia mzazi yeyote dawa ya kikohozi kabla ya kumuuliza habari za mito na kumbonyeza muundi.

Kwa vijana, kizuizi mara nyingi kiko kwenye vali. Mtoto huugua koo kwa bakteria wa streptokoka, hatibiwi ipasavyo, kisha wiki chache baadaye kinga ya mwili inayopambana na bakteria hao hushambulia viungo na moyo wake mwenyewe. Mashambulizi yakirudiarudia, vali ya mitrali hupata makovu, ikawa nyembamba au ikavuja. Mtoto wa miaka 10 anayelalamika kwamba goti linauma, likipoa linauma la pili, asiambiwe ni maumivu ya kukua kabla hajasikilizwa moyo. Wale ambao ugonjwa umethibitishwa huchomwa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na sindano hiyo inauma kwelikweli. Mkaribisheni mtoto kwa jina lake, la sivyo mwezi ujao hamtamwona.

Kwa watu wazima wengi mtakaowapokea, chanzo ni shinikizo la juu la damu lililoachwa miaka mingi. Watu wetu husema "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka", na wengi humeza dawa siku wanayohisi kichwa kizito tu, ilhali ugonjwa huu kwa kawaida hauna dalili yoyote. Nanyi msiuongezee uongo kwa kupima vibaya. Mgonjwa apumzike dakika 5 ameketi, mgongo umeegemea, nyayo ziko chini, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, amekwisha kwenda haja ndogo, na asizungumze wakati wa kipimo. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Nimeona watu wakianzishwa dawa za maisha kwa sababu ya mkanda wa saizi moja uliotumika kwa kila mtu. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kirudiwe siku nyingine kabla ya kutoa hukumu, isipokuwa namba zikiwa za kutisha au mgonjwa ana dalili za hatari.

Mshtuko wa moyo, ambao kizuizi chake kiko kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe, mnaufahamu kwa maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani. Kumbukeni tu kwamba mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu hayo, akaja na jasho, kichefuchefu na udhaifu, akapewa dawa ya vidonda vya tumbo. Kipimo cha umeme wa moyo hakichukui muda mrefu, basi kipimeni.

Wodini, kifaa nisichokubali kikosekane ni mizani. Kila asubuhi, baada ya mgonjwa kukojoa na kabla ya chai, apimwe kwa mizani ileile akiwa na nguo nyepesi, na namba iandikwe papo hapo. Kilo 2 zinazoongezeka ndani ya siku tatu huwa ni maji, na mara nyingi mizani huonesha hivyo kabla miguu haijavimba. Zikiongezeka, kabla hamjaongeza dawa, fungueni hotipoti iliyoletwa kutoka nyumbani: mara kadhaa nimekuta humo ng'onda au dagaa wa chumvi, aliotumiwa mgonjwa na watu wanaompenda.