Printa ya risiti inalala na haiamki

Kakangu, umesema printa ya risiti dukani kwako Mwembe Tayari, Mombasa, huchapa vizuri asubuhi, lakini ikikaa kimya kidogo haiitiki tena mpaka uchomoe waya wa USB na kuuchomeka upya. Tafadhali usinunue nyingine bado. Naamini haijafa, imelazwa.

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha laptopu yako, inaweza kukilaza kifaa cha USB kisichotumika ili kuokoa umeme. Kawaida husubiri sekunde 2 tu. Ila yenyewe, ukiacha habu (kigawanyaji cha milango ya USB), vifaa vingi huviacha macho. Kwa hiyo nashuku programu ya kuokoa betri kwenye laptopu yako. PowerTOP, kwa mfano, ukiiruhusu ijirekebishie kila kitu, hulaza na vifaa visivyojua kuamka.

Ingia /sys/bus/usb/devices, tafuta folda ya printa, usome faili la power/control. Ukikuta "auto" (kerneli inaruhusiwa kuilaza), andika "on" (ibaki macho) ukiwa na ruhusa ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, kisha iache kimya nusu saa ndipo uchape. Ikikubali, weka kanuni ya udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa) yenye namba mbili za kifaa, ya mtengenezaji na ya bidhaa, unazozipata kwa amri ya lsusb, maana ulichoandika hupotea ukichomoa waya au ukizima mashine.

Ukikuta tayari ni "on", soma ujumbe wa kerneli kwa amri ya dmesg. Kifaa kikijikata chenyewe, badilisha waya kwanza. Hewa yetu ya chumvi hula pini.

Na ikithibitika printa haiamki, wapelekee watunzaji wa sehemu ya USB ya Linux namba hizo mbili za lsusb. Ndani ya kerneli wana orodha ya vifaa vyenye kasoro kama hii.