Hasira ya Musa pale Meriba

Mhariri, mmeuliza wiki hii eti kiongozi wa watu wa Mungu akikasirika ndo kakosea tayari? Mimi nasema inategemea kakasirika kwa niaba ya nani, na mfano wangu ni Musa kwenye Biblia, kitabu cha Hesabu sura ya 20.

Angalia hali yenyewe. Wako Kadeshi, dada yake Miriamu ndo kwanza kazikwa, maji hakuna, watu wanamjia juu yeye na kaka yake Haruni, wanasema heri wangekufa zamani na ndugu zao. Mtu yeyote angewaka. Mungu akamwambia chukua fimbo, kusanya watu, uambie mwamba utoe maji, basi. Soma mstari wa 8 taratibu, hamna ukali hata kidogo, Mungu anataka tu watu wanywe na mifugo yao. Sasa Musa anafika mbele ya watu anawaita waasi, anawauliza kama yeye na Haruni ndo wawatolee maji, halafu anaupiga mwamba mara mbili. Maji yakatoka, tena mengi, watu wakanywa, ila yeye akaambiwa hatawaingiza Kanaani. Maji yale ndo yakaitwa Meriba.

Wengi husema kosa ni kupiga badala ya kusema, hata Rashi, yule mfafanuzi mkubwa wa Kiyahudi, alisema hivyo. Mimi nasimama na Maimonides, rabi na tabibu aliyefariki Misri 1204, yeye alisema kosa ni hasira, maana watu walikuwa wanamsoma Musa kwa kila anachofanya, wakimwona kafura wanajua na Mungu kafura, kumbe Mungu siku ile hakuwakasirikia!

Watu walipoabudu ndama wa dhahabu, Kutoka 32, Musa alivunja mpaka mbao za mawe zenye amri za Mungu na hatusomi popote kwamba aliadhibiwa, kwa sababu pale hasira ya Mungu iliwaka kweli, na yeye huyo huyo akarudi kuwaombea, akasema kama hawasamehewi basi afutwe yeye kitabuni.

Ndo maana inaniuma nikisikia mtu madhabahuni anawafokea waumini waliokuja na shida zao, eti Bwana kawachukia. Nani kakutuma?

Halafu kuna Haruni. Hakupiga kitu, alisimama tu pembeni, na sura hiyo hiyo anavuliwa mavazi ya ukuhani juu ya mlima Hori na kufa huko, kwa kosa la Meriba. Hili la msaidizi anayenyamaza bosi wake akifoka naomba mlifanye swali la wiki ijayo.