Rangi ikitoweka majini, uliza imekwenda wapi

Mara ya kwanza nilipomwaga maji ya rangi kwenye mabua yenye uyoga, niliua uyoga wote. Yalikuwa maji ya kusuuzia vitambaa nilivyovitia rangi ya bluu, bado yana uvuguvugu, yamejaa chumvi na magadi ya kushikizia rangi. Siku ya sita ule utando mweupe wa kuvu uliokuwa umeyafunika mabua vizuri ulikuwa umelegea na kuteleza, na ukungu wa kijani umeshatawala. Naandika kwa ajili ya anayetia rangi nguo, au anayefundisha sayansi, ambaye amesikia kwamba kuvu husafisha rangi na anatamani kujaribu. Ni kweli husafisha. Ila rangi inaweza kutoweka machoni kwa njia tatu, na ni moja tu ya kuifurahia.

Kuvu inawezaje kazi hii? Uyoga unaoota kwenye magogo, kama ule uitwao mamama (Pleurotus ostreatus), hula mti mpaka lignini, ile gundi inayoupa ubao ugumu wake. Lignini haina mpangilio mmoja unaojirudia, kwa hiyo kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia) kinachotafuta umbo moja tu hakiiwezi. Kuvu hizi hutoa nje ya mwili wake vimeng'enya visivyochagua sana: lakesi, ambayo mwanakemia Yoshida wa Japani aliieleza mwaka 1883 akichunguza utomvu wa mti wa laka, na jamaa zake wanaoitwa peroksidesi. Kazi yao ni kuinyang'anya molekuli elektroni, kisha molekuli hiyo inayumba na kukatika yenyewe. Rangi za viwandani zina pete za kaboni zinazofanana na za lignini, nazo hukumbwa humo humo. Mwanakemia Mwingereza William Perkin alipata rangi ya kwanza ya aina hii mwaka 1856, akiwa na miaka 18. Kwa maumbile hiyo ni juzi tu, lakini kuvu ilikuwa na silaha tayari kwa sababu ya miti. Mwaka 1983 watafiti Glenn na Gold walichapisha kazi iliyoonyesha kuvu ya Phanerochaete chrysosporium ikiondoa rangi kadhaa za namna hiyo.

Jaribio langu la pili lilikwenda taratibu zaidi. Niliacha mabua yawe meupe kabisa kabla ya kuyagusa, kama wiki tatu hivi. Maji ya rangi niliyapoza, nikayazimua kwa maji safi mara nne ili kupunguza makali ya chumvi, nikaongeza siki kidogo kidogo huku nikipima kwa karatasi za pH, yaani kipimo cha uchachu. Maji ya magadi yanaweza kuwa na pH ya 10 au 11, na kuvu hii inapenda 5. Hatua hii usiiruke. Nikayapanga mabua kwenye beseni pana, nusu yamezama na nusu yako nje, maana vimeng'enya hivi vinahitaji hewa.

Siku ya nne niliona kitako cha beseni. Niliita watu waje waone! Walipoondoka nikachota mkono mmoja wa mabua, nikayakamua. Vidole vikawa bluu, na kilichodondoka kilikuwa bluu nzito kuliko maji niliyoanzia. Rangi haikuwa imevunjwa hata kidogo. Ilikuwa imehama tu, kutoka majini kwenda kwenye mabua, kama inavyohamia kwenye kitambaa.

Ndiyo njia ya kwanza hiyo, nayo ndiyo inayodanganya wengi. Tangu siku ile sifanyi jaribio bila beseni la pili pembeni: mabua yale yale yenye utando, lakini nimeyachemsha saa nzima mpaka kuvu ikafa. Siku za mwanzo mabeseni yote mawili hupauka sawasawa, na ukiishia hapo utasema kuvu hai haina faida. Subiri wiki ya pili. Mabua yaliyokufa hubaki na bluu yake. Kwenye yaliyo hai, mabaka ya bluu huanza kufifia kwenye kingo, halafu katikati, mpaka utando unarudia rangi yake ya maziwa, na ukikamua yanatoka maji ya manjano hafifu. Hapo ndipo nilipoamini.

Njia ya pili ya kutoweka inanitia hofu zaidi. Rangi nyingi zinazotumika kwenye nguo ni za ukoo wa azo, zenye naitrojeni mbili zilizoshikana katikati ya molekuli. Ukifunika maji hayo kwenye pipa lisilopata hewa, bakteria hukata kiungo hicho na rangi inaondoka upesi, upesi kuliko kuvu yoyote. Lakini vipande vinavyobaki ni kemikali ziitwazo amini, zenye pete za kaboni, na baadhi yake husababisha saratani. Maji yanaonekana masafi kumbe yameharibika zaidi. Kwa hiyo beseni likianza kunuka kama mtaro, usisherehekee hata kama rangi imekwisha. Punguza kina cha maji, tikisa, ingiza hewa.

Sasa utajuaje kama umepata njia ya tatu, yaani rangi imevunjwa kweli bila kuacha sumu? Maabara zina mashine, mimi nina choroko. Naotesha mbegu ishirini kwenye kitambaa kilicholowa maji safi, ishirini kwenye maji ya rangi yasiyosafishwa, na ishirini kwenye yaliyopitia kuvu. Yale yasiyosafishwa lazima uyazimue na kuyatia siki kwa kiasi kile kile, la sivyo utakuwa unapima chumvi na magadi. Siangalii tu ngapi zimeota, napima mizizi. Kwenye maji mabichi ya rangi mizizi yangu ilitoka mifupi, ncha zimekuwa kahawia. Kipimo hiki hakikuambii ni sumu gani iliyomo, ila kinakataa kudanganywa na rangi.

Rangi zote hazilingani. Bluu yangu ni ya antrakwinoni, kundi ambalo lakesi hulishika vizuri. Nyekundu ya azo imenitesa: baada ya wiki tatu bado kulikuwa na waridi. Rangi zenye shaba au kromu ndani yake sikushauri kabisa kuanza nazo, kwa kuwa kuvu inaweza kuvunja molekuli lakini metali inabaki pale pale. Chumvi nayo haiondoki.

Uyoga ukichipua kwenye mabua hayo, usile wala usimpe mnyama. Mabua yenyewe usiyapeleke kwenye bustani ya mboga. Vaa glavu, na unapopima unga wa rangi funika pua na mdomo, kwa sababu unga wa rangi hizi unaweza kuleta pumu.

Kama una nafasi ya beseni moja tu, tenga maji ya suuzo la kwanza. Ni machache kwa ujazo, lakini ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya rangi iliyokosa kushika kitambaa. Mimi nayaweka kwenye ndoo yake, naandika tarehe na jina la rangi, na siyagusi mpaka mabua yawe meupe kote.