Maswali yenu ya PC za gemu: mnanunua taa, mnasahau umeme

Meseji zimekuwa nyingi, na nusu yake ni lile lile la "hii mashine inacheza gemu?" bila kutaja prosesa wala kadi ya grafiki. Mtu anapiga picha ya kesi kwa nje, taa zinawaka, halafu anauliza itacheza. Mi nitajuaje, mimi sio mganga. Hizo nimeruka, twende na zenye maana.

Kaka, nimepata Dell OptiPlex 9020 ile ndogo nyembamba kwa bei poa, nataka baadae niweke kadi ya RTX 3060. Inawezekana? (Sakina, Arusha)

Chalii wangu, hiyo mashine ilitengenezwa karani aandike barua na hiyo kazi inaiweza sana. Pawasapulai yake, kile kisanduku cha kugawa umeme, ni wati 255, 3060 peke yake inakula 170 na Nvidia wenyewe wanashauri uwe na 550. Utasema basi nabadilisha pawasapulai, haya fungua uone, ile kebo kuu inayoingia kwenye madabodi ina pini 8 wakati za kawaida zina 24, yani Dell walijitengenezea ya kwao na hata umbo la pawasapulai ni la kwao. Na kesi yenyewe nyembamba, 3060 haiingii hata uikunje. Humo zinakaa kadi fupi kwa kimo (low profile) zisizo na kebo ya umeme, zile zinazoridhika na wati 75 za kwenye sloti, yani pale kadi inapochomekwa kwenye madabodi, kama GTX 1650 ile ya low profile. Kama ushanunua weka hiyo ucheze, ila usiite mashine ya kuapgredi. Ukitafuta mtumba wa kuanzia, chukua wenye madabodi na pawasapulai za kawaida, hata kama sura mbaya.

Ramu ya DDR5 inaingia kwenye madabodi ya DDR4? (Usa River)

Haiingii. Pengo lake liko sehemu nyingine. Na usiisukume.

Nina prosesa ya Ryzen 5 1600 na madabodi ya B450, fundi ananiambia niuze vyote nihamie AM5, ile soketi mpya ya AMD. (Moshi)

Mangi, huyo fundi ana AM5 ya kuuza. Madabodi yako ni ya soketi ya AM4, yani tundu la prosesa, ile ile ya Ryzen za kwanza za 2017, na mwaka 2022 AMD bado walikuwa wanatoa prosesa za kukaa humo humo, 5800X3D mojawapo. Wewe badilisha prosesa tu, 5600 inakutosha, hela inayobaki iende kwenye kadi. Ila pandisha baiosi kwanza, ile programu inayoamsha madabodi, 1600 ikiwa bado imekaa, maana ukiichomoa ukaweka mpya juu ya baiosi ya zamani skrini itabaki nyeusi na utanipigia saa sita usiku. Usipandishe baiosi bila UPS, umeme ukikatika katikati hiyo madabodi inaweza kufa ikawa kigae. Na baadhi ya B450 zikipewa baiosi mpya zinazisahau prosesa za zamani, soma maelezo ya madabodi yako kabla hujagusa kitu.

AM5 ni ya anayeanza sifuri. Ilitoka 2022, inataka DDR5 tu, na AMD wamesema wataendelea nayo mpaka 2027 na zaidi. Intel sina ugomvi nao, ila soketi yao ya LGA1700 imebeba prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, halafu 2024 Core Ultra za mezani zikaja na soketi nyingine. Ichukue kama bei imekaa vizuri, usiichukue kwa kungojea prosesa ya mbeleni.

Nimefunga prosesa ya i5-12400F, feni zinazunguka ila skrini nyeusi. Nimeuziwa mbovu? (Kijenge)

Hiyo F maana yake haina grafiki ndani. Weka kadi. Jamani nimelijibu hili mara ngapi?

Nimepewa pawasapulai ya wati 600 bure na kesi ya kioo, itanifikisha mpaka kadi kubwa? (Ngarenaro)

Ya bure. Igeuze usome stika, tafuta mstari wa 12V, chukua zile ampea zidisha kwa 12. Ikiandikwa 25 hapo una wati 300, hiyo 600 ni ya kwenye boksi tu. Hicho ndicho kitu cha kwanza kununua na watu wanakinunua cha mwisho kwa chenji iliyobaki baada ya kioo na feni za rangi, wakati pawasapulai nzuri ya 650 au 750 utahama nayo mashine mbili tatu. Na kwa umeme wetu huu unaopanda na kushuka, ya mchongo ikifa inaondoka na wenzake.

Kitu kingine hujauliza lakini nakwambia: ukibadilisha pawasapulai zile za kuchomoa kebo, usibakishe kebo za zamani ati kwa sababu zinaingia. Upande wa pawasapulai kila mtengenezaji anapanga pini anavyojua. Mi nilibakisha ya diski, nikawasha, kikatoka kimoshi kidogo tu na harufu. Diski mbili zikafa, moja ilikuwa ya shemeji yangu ina picha za harusi, alikuwa ameniachia nimtunzie. Mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa kifupi.